Mgambo wa Njinjo Akiumia, Nani Anamtibu?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Na kwa wakuu wetu wa Mkoa wa Lindi na Wilaya ya Kilwa.

YAH: MATIBABU YA ASKARI WA AKIBA, WAZEE WALIOPIGANA VITA NA FAMILIA ZA WANAJESHI VIJIJINI

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Njinjo, bonde la mto Matandu, wilayani Kilwa. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili limeshasemwa kwa mdomo mara nyingi, kwenye mikutano ya kijiji na kwenye hafla za kufunga mafunzo ya mgambo, na kila mara tukaahidiwa kwamba litafikishwa ngazi za juu. Sasa nalifikisha mwenyewe.

Hoja yangu kuu ni moja. Serikali iliyomfundisha mwananchi kutumia silaha, ikamwandikisha kwenye Jeshi la Akiba na kumwita usiku wa manane inapomhitaji, inadaiwa matibabu yake anapoumia kwenye wito huo. Deni hilo leo linalipwa na mke wake na ndugu zake, kwa gunia la ufuta lililouzwa kabla ya bei kupanda. Mara nyingine halilipwi kabisa, na mtu anabaki na kilema chake nyumbani.

Mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi (JWTZ) aliye kikosini akiugua, njia yake inajulikana. Kikosi kina tiba yake, na juu ya hapo zipo hospitali za jeshi, ile kuu ikiwa Lugalo, Dar es Salaam, ambako hata raia wengi wanatibiwa. Hospitali hiyo inabeba jina la Lugalo ya Iringa, mahali ambapo Agosti 1891 wapiganaji wa Chifu Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. Ni jina la heshima na hospitali ni ya heshima. Sitaki askari aliye kikosini apunguziwe hata kidonge kimoja. Kazi yake ni ngumu na anastahili kila anachopata, na pengine anastahili zaidi. Ninachouliza ni kuhusu yule mwingine, ambaye siku ya gwaride anaitwa askari na siku ya kuumia anaambiwa akalipie dirishani.

Mgambo wetu hakujiteua. Alipeleka jina lake kwa mtendaji, akapokelewa, akafundishwa na wakufunzi wanaotoka jeshini chini ya Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya. Alipigishwa kwata juani, akafundishwa kulenga shabaha, ujanja wa porini, kusoma ramani na huduma ya kwanza. Sare na buti alijinunulia, na chakula cha mafunzoni kilichangwa na wazazi wake. Siku ya kufunga mafunzo alikula kiapo mbele ya mgeni rasmi, akaambiwa kwamba tangu siku hiyo yeye ni askari wa akiba, na akiitwa aitike. Nami ni shahidi kwamba anaitika. Mtendaji akipiga simu saa saba usiku kwamba kuna wizi, au mtoto amepotea porini, au tembo wameingia kwenye mpunga, wanaofika wa kwanza ni hao vijana wenye magwanda yaliyofifia.

Jeshi hili halikuanza jana. Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote kule Uganda. Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka huo wa 1971 ukaeleza bila kuficha kwamba ulinzi wa nchi usiachiwe askari wa makambini peke yao, bali wananchi wenyewe wafundishwe.  Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na wanamgambo wanaotajwa kufika 40,000 wakaingizwa kwenye jeshi lililokwenda kumwondoa. Sehemu kubwa ya njia hiyo waliitembea kwa miguu, kutoka mpakani hadi Masaka, kutoka Masaka hadi Kampala, mji ulioanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mikoa yote ilitoa vijana wake, na huku kusini walitoka pia.

Wachache waliobaki sasa ni wazee. Nina babu mmoja jirani ambaye sikio lake la kushoto halisikii tangu siku za mizinga ya huko Uganda. Ukitaka kuzungumza naye unakaa kuliani kwake, na wajukuu wake wamelijua hilo tangu utotoni bila kuambiwa sababu. Goti lake linavimba masika yakianza. Akienda kutibiwa anapita dirisha la wazee, kwa kuwa sera ya nchi inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Nashukuru kwa dirisha hilo. Lakini tazameni kinachomwingiza: umri wake na umaskini wake. Kwamba alivuka mto Kagera na bunduki begani hakuna daftari la hospitali linalouliza. Sikio lake halijawahi kupimwa na mtu anayejua kwamba liliharibikia vitani, na karatasi ya kuachishwa kwake jeshini, aliyoihifadhi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, haijawahi kumsaidia chochote mbele ya daktari.

Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi wanaweka mkuki, ngao na shada la maua, na redio inatutangazia. Kaboya kule Muleba wamelala waliokufa kwenye vita vya Kagera. Naliendele kule Mtwara wamelala waliokufa Msumbiji miaka ya 1980. Ni jambo jema, na liendelee. Naomba tu kwamba wale ambao risasi iliwakosa, wakarudi na masikio, macho, migongo na akili zilizojeruhiwa, wasingoje nao mpaka wafike makaburini ndipo wakumbukwe.

Sasa niwaeleze habari ya karibu zaidi, ya kijana na si ya mzee. Jina lake nalihifadhi, na mahali alikotibiwa nalihifadhi pia, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mhudumu yeyote. Ulikuwa msimu wa ufuta. Mzigo ulikuwa umejaa ghalani ukisubiri mnada, na wanamgambo walipangiwa zamu za kulinda usiku. Zile buti alizonunua wakati wa mafunzo zilishaachia soli, kwa hiyo alikuwa amevaa kandambili. Akazunguka nyuma ya ghala na tochi ambayo betri zake zilikuwa zinakufa. Akakanyaga kifutu.

Kifutu anayejulikana huku hakimbii. Analala kwenye vumbi akiwa na rangi ya majani makavu, na anauma akikanyagwa. Sumu yake inaozesha nyama. Walinzi wenzake walifanya walichokijua: wakamfunga kitambaa juu ya kifundo, wakakikaza, mmoja akatafuta jiwe la nyoka. Walifanya kwa mapenzi, na walimwongezea madhara, kwa sababu mguu wenye sumu ya kifutu ukifungwa damu haipiti na nyama inakufa haraka zaidi. Hayo ningependa yafundishwe kwenye somo la huduma ya kwanza la mgambo kabla ya somo la kubeba machela: usifunge, usichanje, usinyonye, mlaze mtu atulie, mguu usitembezwe, apelekwe penye dawa. Mahali alipofikishwa kwanza dawa ya sumu ya nyoka haikuwapo. Akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili ili asianguke, wakaishika barabara ya udongo kuelekea Nangurukuru, mguu ukiwa umevimba hadi pajani na ngozi imeanza kutoka malengelenge meusi. Alipona. Vidole viwili vya mguu havikupona.

Gharama zilikuwa za nyumbani kwake. Nauli ya bodaboda, nauli ya gari, dawa, kulazwa, chakula cha anayemuuguza, na baadaye usafi wa kidonda kwa wiki nyingi wakati wenzake wanapalilia. Mkewe aliuza ufuta wao kwa mchuuzi wa njiani, kwa bei ya shida, wakati mume alikuwa ameumwa na nyoka akilinda ufuta wa wenzake uliongoja bei ya mnada. Nililiona hilo kwa macho yangu, na ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Angekuwa amepigwa panga na mwizi, ingeongezeka safari nyingine ya kutafuta fomu ya PF3 polisi. Njinjo watu wanajua fomu hiyo. Fomu ambayo hawaijui, kwa sababu hawajawahi kuiona mkononi mwa mtu yeyote, ni ile ya askari wa akiba aliyeumia kazini. Mgambo hana kikosi kinachomtambua mapokezi. Makundi ya msamaha wa malipo yanatajwa kwenye kuta za vituo vya afya: mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, mzee asiye na uwezo, mgonjwa wa kifua kikuu na wengineo. Mwanamgambo hayumo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unasimama juu ya michango ya waajiri, na mgambo aliyeitwa na mtendaji kwa simu hana mwajiri wa kumchangia. Amesimama katikati ya milango mitatu, na kila mlango unamwelekeza kwenye mwingine.

Ataniambia mtu kwamba mgambo ni mtu wa kujitolea. Ni kweli, amejitolea nguvu zake na usingizi wake. Hajajitolea vidole vyake. Nchi nzima inajua tofauti hiyo linapokuja suala la askari wetu wanaolinda amani nje ya nchi. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya vijana wetu kule Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, ilishambuliwa usiku na zaidi ya kumi wakauawa na wengi wakajeruhiwa. Majeruhi wakaondolewa kwa ndege na kupelekwa hospitali. Tangu mwaka 1997 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshaweka kiwango maalumu cha fidia kwa familia ya mlinda amani anayekufa kazini, na utaratibu wa anayepata ulemavu. Fedha hairudishi mtoto wa mtu. Lakini mtu aliketi kabla ya msiba, akaandika kwamba likitokea hili, itafanyika hivi. Kwa mgambo wa Kilwa, mstari kama huo, kama upo, haujafika mahali ambapo mtendaji wake anaweza kuusoma.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifikiria hili kila mmoja kwa namna yake. Uingereza, askari wa akiba akiitwa kazini rasmi anaingia kwenye tiba ya jeshi, na akirudi kwenye shughuli zake anatibiwa hospitali za umma, ambazo mwananchi halipii dirishani. Marekani wana mpango ambao askari wa akiba, hata siku asizokuwa kazini, anaweza kujiunga na bima ya jeshi kwa mchango wake mwenyewe, pamoja na familia yake. Hizo ni nchi tajiri na sisemi tuwaige bajeti. Nasema wamekubali kwanza kwamba mtu huyo ni wao.

Na fedha tuizungumze, kwa sababu najua ndipo barua kama hizi zinapokwama. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango wa kaya nje ya Dar es Salaam uliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kwa watu wasiozidi sita. Tuseme kata ina wanamgambo 50 walio hai kwenye orodha, wanaoitwa na kuitika. Kuzikatia kaya zao zote kadi kwa mwaka mzima kwa kiwango hicho cha 2018 ni shilingi 1,500,000. Pikipiki moja mpya inazidi fedha hiyo. Kata moja yenye maghala ya ufuta na korosho inakusanya ushuru wa mazao kila msimu, na wanaosimama kwenye geti la ushuru huo usiku na mchana ni haohao wanamgambo. Sioni halmashauri gani ingeshindwa kutenga kiasi hicho kama ingeamuliwa kwamba ni lazima.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inakubali kwamba wapo watu ambao serikali itawagharamia. Orodha ya watu hao inaandikwa na binadamu, na binadamu wanaweza kuongeza mstari. Mheshimiwa Waziri wa Afya, mstari ninaouomba ni huu: askari wa Jeshi la Akiba aliye kwenye daftari la kata, pamoja na mwenza na watoto wake, agharamiwe na serikali kwa muda wote anaotumika. Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi, daftari hilo liko chini ya washauri wako wa wilaya. Wizara zenu mbili zikikaa meza moja kwa siku moja, kazi kubwa imekwisha.

Najua pia wasiwasi wa orodha hewa. Mtu atasema kila kijana atajiandikisha mgambo apate bima, kisha asionekane kwenye doria. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ipo kijijini. Kamanda wa mgambo wa kata anajua nani alifika zamu na nani alilala. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na isomwe kwenye mkutano mkuu kila robo mwaka. Njinjo watu wanajuana. Mtu asiyekwenda doria hawezi kujificha mbele ya mkutano ambao nusu yake ni shemeji zake na nusu nyingine ni wadai wake.

Kuna jambo la kabla ya kuumia ambalo halizungumzwi. Kijana anayetaka kuingia JWTZ hupimwa afya yake kabla ya kupokelewa. Mafunzo ya mgambo niliyoyashuhudia yalianza kwa barua ya mtendaji na orodha ya majina. Vijana wenye pumu, wenye selimundu wasiojijua, wenye shinikizo la damu waliodhani ni uchovu, wote walikimbizwa asubuhi kwenye mchanga. Anayeanguka anamwagiwa maji. Mganga mmoja kutoka kituo cha afya, na kipimo cha presha, cha malaria na cha wingi wa damu, kwa siku mbili kabla ya mafunzo, wangetosha kuwatenganisha wanaofaa kukimbia na wanaofaa kupangiwa kazi nyingine. Tena hapo ndipo kila mmoja angefunguliwa faili lake, likawa mwanzo wa kumbukumbu ambayo babu wa sikio bovu hakuwahi kuwa nayo.

Na akili nazo ni mwili. Mwaka 2015 hadi 2017, majirani zetu wa Kibiti na Rufiji waliishi na mauaji ya askari polisi na viongozi wa vijiji, na huku Kilwa tulilala na hofu hiyohiyo. Wapo wanamgambo waliobeba miili na waliokesha vichakani, na hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote wanalalaje. Mgambo anayeshtuka usingizini na kuwapiga wanawe anaitwa mkorofi, au anapelekwa kwa mganga wa majini. Askari wa kambini ana uwezekano wa kumwona daktari wa jeshi anayejua dalili hizo. Wa kijijini ana uvumi tu. Naomba mafunzo mafupi kwa wahudumu wa vituo vya afya vya wilaya hii, wajue kumtambua mtu aliyerudi na vita kichwani, kijana au mzee, na wajue wa kumpeleka.

Sitamaliza bila kuzitaja familia za wanajeshi wenyewe. Hospitali za jeshi ziko mijini na kwenye makambi. Familia ya askari wa kawaida mara nyingi imebaki kijijini, inalima. Nimesimama foleni moja na mke wa askari aliyekuwa kazini mbali, mtoto wake ana homa kali, naye akalipa taslimu kama mimi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mumewe akipiga simu hatamwambia, asije akapoteza utulivu kazini. Mkuu wa Majeshi, maneno hayo nimeyabeba nikuletee. Utulivu wa askari wako mpakani unaanzia kwenye foleni ya kituo cha afya cha kijiji, na kitambulisho kimoja cha mwenza na watoto, kinachopokelewa katika kituo chochote cha umma nchini, kingeulinda.

Kuhusu barabara mnajua. Njinjo ni njia ya Nangurukuru kwenda Liwale, na Matandu ukijaa hakuna njia. Mwanzoni mwa 2020 maji yaliingia vijijini mwetu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikakata hata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Siku kama hizo mgonjwa wa rufaa hawezi kufikishwa, hata akiwa na kadi ya dhahabu. Kwa hiyo dawa ziwe huku kabla ya mvua, na kwanza kabisa dawa ya sumu ya nyoka. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo 2030. Bohari ya Dawa ina ofisi ya kanda Mtwara. Kutoka Mtwara hadi bonde la Matandu hakuna bahari ya kuvuka. Mgambo anatembea usiku kwenye nyasi kwa niaba yetu. Dozi chache ndani ya jokofu la kituo cha karibu, zikiagizwa kabla ya msimu wa ufuta, zitamfaa yeye, mkulima na mtoto wa shule kwa pamoja.

Tena jeshi lenyewe lina mkono mrefu likitaka. Kila inapokaribia tarehe 1 Septemba, siku JWTZ ilipozaliwa mwaka 1964, madaktari wa jeshi hutoka makambini wakapima na kutibu wananchi bure na askari wakachangia damu. Mwaka 2024, wakati wa miaka 60, tulisikia kambi hizo redioni. Naomba moja ya miaka ijayo kambi hiyo iwekwe Njinjo. Waje na daktari wa masikio, wa macho, wa mifupa na wa akili. Waje pia na karani mwenye daftari, awaandike wazee wote wa Kagera na Msumbiji waliobaki katika tarafa hii, awapime, aandike jeraha lipi lilitokea wapi, ili mzee akienda tena hospitali atibiwe kama askari wa nchi hii. Wazee hao wanapungua kila masika. Karani akichelewa miaka mitatu atakuta majina mengi yameshahamia kwenye orodha ya Siku ya Mashujaa.

Mkuu wa Wilaya, wewe ndiye mgeni rasmi wetu, na baadhi ya haya hayangoji Dodoma. Unaweza kuagiza kesho kwamba mgambo aliyeumia kwenye zamu iliyopangwa na mtendaji atibiwe kwanza, na hesabu ipelekwe halmashauri badala ya kupelekwa kwa mkewe. Unaweza kuagiza kwamba hakuna mafunzo yatakayofunguliwa kabla mganga hajapita. Unaweza kuagiza buti. Mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama anayesema neno hilo mbele ya watendaji wa kata hahitaji sheria mpya.

Waheshimiwa, ufuta utaiva tena, ghala litajaa, na orodha ya zamu za usiku itabandikwa. Tunaomba kabla ya hapo tupate jibu kwa maandishi, lenye mhuri, linaloeleza mgambo akiumia apelekwe wapi na nani analipa. Litumwe kwa mtendaji wa kata. Sisi tutalisoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na babu yangu atakaa kuliani kwa msomaji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Njinjo, Kilwa